Mashindano ya Wanafunzi na Moto wa Jikoni

Imekuwa desturi sasa katika vyuo vingi vya dunia kuwashindanisha wanafunzi si kwa mbio wala kwa mpira, bali kwa biashara. Kundi la vijana hupewa tatizo linalozisumbua nchi zinazoendelea, likatakiwa kuleta mpango wa shughuli itakayolitatua tatizo hilo na wakati huohuo kujilipia gharama zake. Tatizo linalochaguliwa mara nyingi ni nishati safi. Mwaka 2018 mashindano ya Hult Prize, ambayo mshindi wake hupata mtaji wa dola 1,000,000 za Marekani, yaliwauliza wanafunzi jinsi nishati inavyoweza kubadili maisha ya watu milioni 10. Hapa nchini wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakionyesha kazi zao chini ya mpango wa Young Scientists Tanzania ulioanzishwa mwaka 2011, na tangu 2019 kuna mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yanayojulikana kwa jina la MAKISATU.

Sisi tunayaunga mkono mashindano ya namna hii, lakini tunayaunga mkono kwa sharti. Sharti letu ni kwamba mwamuzi wa mwisho awe mtu anayepika.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Mwaka 2009 kundi la wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, lilishinda tuzo ya tawi la maendeleo katika mashindano ya biashara ya chuo hicho, kwa mpango wa mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Kampuni yao, Global Cycle Solutions, ilikuja kufungua kazi mjini Arusha. Mashine ilifanya kazi, na chaja ya simu inayozungushwa na gurudumu la baiskeli ikauzwa pia. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kampuni ikajikuta inauza zaidi taa za jua. Waamuzi wa Massachusetts waliisifu mashine. Wanunuzi wa vijijini kwetu wakachagua taa. Kampuni ilikubali kufundishwa na mnunuzi, na hiyo ni heshima kwake.

Taa zenyewe nazo zina asili ya darasani. Kampuni ya d.light, ambayo taa zake zinajulikana katika nchi zote za Afrika Mashariki, ilianzia katika somo la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, ikashinda mashindano ya mtaji mwaka 2007. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa ameishi kijijini nchini Benin, akaona mtoto wa jirani akiungua kwa taa ya mafuta. Ni dhahiri kwamba kijana huyo hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote hatari ya koroboi.

Sasa tuje nyumbani. Katika Wilaya za Tarime na Serengeti swali la taa limepungua makali. Serikali imetangaza kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi iliyobaki ni kuueneza katika vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Lakini nguzo kusimama kijijini ni jambo moja, na chungu kuchemka bila kuni ni jambo lingine kabisa. Katika nyumba nyingi zenye balbu inayowaka sebuleni, jikoni bado kuna mafiga matatu na moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Muda uliobaki si mrefu.

Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, mama anayetafuta kuni ana mashaka mawili. Zilizokuwa karibu zimekwisha, na zile anazoziona kwa macho ziko upande wa pili wa mpaka, ambako haruhusiwi kuingia. Katika nyanda za juu za Tarime hakuna hifadhi ya kumzuia, ila ardhi yenyewe imebanana. Mashamba ya migomba, kahawa na mahindi yamefika hadi mlangoni, na mti wa kukata una mwenyewe.

Mtu asiyezijua wilaya hizi atasema mara moja: Wakurya wana ng'ombe, basi na wajenge mitambo ya gesi ya samadi. Wazo hili si geni. SIDO ilikuwa ikijenga mitambo ya aina ya Kihindi tangu miaka ya 1970. CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1981, ikaja na mtambo wa kuchimbia ardhini. Na tangu 2009 mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani ulijenga maelfu mengine. Hapana shaka gesi hiyo inapika, tena haina moshi, na tope linalotoka ni mbolea nzuri kwa migomba na kahawa. Lakini mtambo wa familia wa meta za ujazo 6 hutaka kilo 40 hadi 50 za samadi mbichi kila siku, pamoja na maji ya kiasi hichohicho. Ng'ombe wetu hushinda malishoni. Zizini huacha samadi ya usiku tu. Mwenye ng'ombe wawili hana cha kutosha kuulisha. Na maji hayo, ndoo mbili na zaidi kila siku ya Mungu, yatatekwa na nani? Mahali ambapo kisima kiko mbali, tutakuwa tumemvua mama mzigo wa kuni na kumtwisha mzigo wa maji.

Maswali ya aina hii ndiyo tungependa wanafunzi wetu wayashindanie. Mtambo uliosimama kwa sababu bomba limeziba au kuba limepasuka unaweza kuwaka tena kwa gharama ndogo kuliko kujenga mpya, kama fundi yuko jirani na vipuri vipo. Kundi la vijana litakaloleta mpango wa ukarabati, lenye hesabu ya nauli, saruji na malipo ya fundi, huenda lisipigiwe makofi mengi ukumbini. Kwa maoni yetu kundi hilo linastahili tuzo kuliko lile lenye mashine mpya inayong'aa.

Pa kuanzia pako wazi, nako ni jikoni kwa shule zenyewe. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Agizo ni jema. Hata hivyo, shule ya kutwa inayopika makande kwa michango ya wazazi haiwezi kubadili jiko kwa agizo peke yake. Mwanafunzi wa shule hiyo anajua mzigo wa kuni unaliwa kwa siku ngapi, kwa sababu pengine yeye mwenyewe ameagizwa kuja na kuni shuleni. Apewe daftari, apime kwa muhula mzima, alinganishe kuni na gesi ya mitungi, jiko banifu, mkaa wa magunzi ya mahindi, au sufuria ya presha ya umeme pale umeme ulipo. Kisha aonyeshe ni lipi shule yake inaweza kulilipia bila kumwongezea mzazi mchango.

Kwa upande wa biashara yenyewe, tunavitazama zaidi vyuo vya maendeleo ya wananchi, cha Tarime na cha Kisangura, kwa sababu vinawafundisha vijana ufundi. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao ulirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, hutolewa kwa vikundi vya watu wazima. Mtoto wa kidato cha pili hakopeshwi, wala hapaswi kukopeshwa. Tarime, aidha, ina mgodi wa dhahabu wa North Mara, na Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inautaka mgodi kuwa na mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Tuzo ya mashindano haya ni fedha ndogo sana katika mpango kama huo.

Wako watakaosema kwamba tunataka kuwageuza wanafunzi wachuuzi. Hofu hiyo haituhangaishi sana. Kijana anayejifunza kupiga hesabu ya kuni za shule yake anajifunza hesabu. Kinachotuhangaisha ni kwamba mashindano yanaweza kuwa kisingizio. Kuchimba visima na kufikisha nyaya vitongojini ni kazi ya Serikali na mashirika yake, na kiongozi asije akasimama jukwaani kuwapongeza watoto kwa ubunifu huku kisima alichoahidi hakijachimbwa.

Tuzo itolewe kwa mafungu mawili: dogo siku ya ushindi, na kubwa baada ya mwaka mmoja, jiko likikaguliwa na kukutwa bado linawaka. Vikao vya bajeti vya halmashauri hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, Halmashauri ya Mji wa Tarime na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti ziingize fungu hilo humo, na katika orodha ya waamuzi majina ya wapishi wa shule yaandikwe kabla ya jina la mgeni rasmi.