Msaada wa Jiji Usiishie Langoni mwa Shule

Watu wengi wakiulizwa jiji laweza kuzisaidia shule zake kwa njia gani, hujibu mara moja: lijenge madarasa na kutengeneza madawati. Jibu hilo si baya, lakini kwa maoni yangu limepungua. Ziko kazi ambazo Wizara haiwezi kuzifanya, wala mwalimu mkuu, wala mzazi peke yake. Ni jiji tu liwezalo kuzifanya, na nyingi kati ya kazi hizo ziko nje ya lango la shule.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyo. Tangu mwaka 2009 shule za sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, kama zilivyo shule za msingi. Mwezi Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita wakaingizwa. Katika mpango ule wa 2016 Serikali Kuu iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Fedha hizo ni za vitabu, chaki, mitihani na matengenezo madogo. Hazikuwekwa kwa ajili ya kumfikisha mtoto shuleni, wala kumpatia mahali pa kusomea usiku.

Hapa Dar es Salaam, jina la Halmashauri ya Jiji tangu Februari 2021 ni la iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Lakini nisemayo yanazihusu sawasawa manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Sisi tukaao bwenini hulala hatua chache tu kutoka darasani. Jioni kengele hutuita kwenye masomo, taa zinawaka, na mwalimu wa zamu anapita. Mwenzetu wa kutwa akaaye Gongo la Mboto na kusoma mjini huamka usiku wa manane, husimama kituoni gizani, na daladala humpita kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Akifika, somo la kwanza limekwisha. Jioni hurudi amechoka, na jirani na kwao muziki wa baa hulia mpaka usiku mwingi. Mwezi Novemba yeye nami tutafanya mtihani mmoja, wala mtihani hauulizi nani alilala wapi.

Basi Jiji lifanye nini? Nataja mambo manne.

La kwanza ni safari. Najua nauli na leseni za daladala ni kazi ya LATRA, na barabara za mijini tangu mwaka 2017 ni kazi ya TARURA. Lakini Jiji lina mgambo. Tumezoea kuwaona wakishughulika na wafanyabiashara wa barabarani. Kwa nini wawili wasisimame katika kila kituo kikubwa tangu saa kumi na moja alfajiri, wahakikishe kwamba wanafunzi wanapanda? Kadhalika diwani ndiye aijuaye barabara ambayo watoto huivuka kwa kukimbia. Yeye ndiye wa kudai kivuko kichorwe hapo.

La pili ni kelele. Jiji hutunga sheria ndogo na hushughulika na leseni za vileo. Kabla ya leseni kutolewa, na iulizwe: shule iko umbali gani, na watoto wa mtaa huu watasoma saa ngapi?

La tatu ni ardhi. Kiwanja cha shule kisichopimwa wala kuwa na hati ni kama shamba lisilo na mlinzi. Leo unajengwa ukuta, kesho kibanda, keshokutwa watoto hawana pa kuchezea mpira. Wapima ardhi wako katika halmashauri. Waanze na shule.

La nne ni mahali pa kusomea. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa mjini hapa mwaka 1967, nayo ni hazina kubwa, lakini mtoto wa pembezoni hawezi kuifikia kila jioni. Hatuombi majumba mapya. Tunaomba katika kila kata darasa moja liachwe wazi hadi saa tatu usiku, liwe na taa na mlinzi, na watoto wa kike wapate mtu mzima wa kuwasindikiza.

Mtu aweza kusema: Jiji lina takataka, mifereji na masoko, fedha zitoke wapi? Ni swali la haki. Lakini tazama: mgambo wanalipwa tayari, wapima wanalipwa tayari, na darasa limekwisha kujengwa. Kinachotakiwa zaidi ni mpango. Hata madawati yaweza kupatikana kwa busara. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya maseremala vikikopeshwa, Jiji livipe kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Hapo kijana atapata kazi, mkopo utarudi, na mwanafunzi atakaa.

Wazazi wetu nao wasikae kimya. Katika mikutano ya mtaa husemwa sana habari za maji na taka, na ni vyema. Lakini ni nani ainukaye kuuliza habari za mtoto aachwaye kituoni? Diwani hujibu aulizwalo. Nasi wanafunzi tukipewa taa na darasa, tuvitunze, tusivunje viti wala kuchafua kuta, maana asiyetunza kidogo hawezi kudai kikubwa.

Serikali Kuu imeufungua mlango wa shule kwa kuifuta ada. Kazi iliyobaki ni kumwezesha mtoto kuufikia mlango huo mapema, akiwa salama na amelala vya kutosha. Kazi hiyo ni ya Jiji, nayo yaweza kuanza muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne