MAONI YETU: PICHA ZIPITIE KIJIJINI KWANZA



Mkutano uliopita maneno yalikuwa mengi juu ya droni, hii ndege ndogo isiyo na rubani inayotakiwa kuja kupima makorongo yetu. Wengine walicheka. Wengine wakanong'ona kwamba ati inakuja kuhesabu ng'ombe.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la mtu haliuoni. Kamera ya droni huuona. Jani likinyauka, au ardhi ikibaki kipara, vipimo hubadilika. Setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, hufanya kazi hiyo kila baada ya siku 5 hivi, ila nukta moja ya picha zake ni mita 10 kwa 10. Korongo changa halionekani humo. Droni huruka chini, italiona. Na korongo la kina cha goti tunaliziba wenyewe kwa mawe na mkonge. Likimzidi mtu kimo, hiyo kazi si mchezo.

Hapo hatuna ugomvi. Tunachouliza ni hizo picha zinakwenda kwa nani.

Wazee wa Kondoa wanakumbuka. Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ilianza 1973 kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo lililomomonyoka la Irangi, kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, hilo hatulifichi. Lakini nyumba zikakosa maziwa na mashamba yakakosa samadi, mpaka 1989 waliporuhusu ng'ombe wa kufugwa bandani. Miaka 10! Kuona kipara kutoka juu ni rahisi. Ng'ombe wa nani watoke, waende wapi, kamera haijui.

Tena kamera hukosea. Ikipita Oktoba, Dodoma nzima ni kipara. Shamba la uwele lililovunwa litafanana na ardhi iliyokufa. Ije Februari au Machi, mvua ikiwepo, na ije tena kiangazi ili zilinganishwe.

Tunadai picha zibandikwe hapa ukutani kabla ya kupelekwa wilayani, na kila mwenye shamba aseme lake juu ya doa lake.

Jambo hili litaamuliwa mkutano wa Jumamosi, saa 4 asubuhi. Wafugaji msitume watoto, njooni wenyewe.