Watoto Wafundishwe Habari za Ukatili wa Nyumbani



Mwezi huu siandiki habari za mikorosho. Kabla ya kuwa karani wa kilimo nilisomea ualimu, nikafundisha, na jambo moja la darasani halijanitoka. Palikuwa na mtoto hodari wa hesabu, lakini kila msimu wa korosho alikuwa akisinzia darasani. Nikamkaripia kwa uvivu. Baadaye nikapata habari kwamba usiku halali, maana fedha za korosho zikiingia kwao, magomvi na kipigo huingia pamoja nazo.

Wazazi wengine hapa kati ya Diani na Msambweni husema mtoto akifundishwa mambo haya shuleni atakwenda kumshtaki baba yake. Nawauliza, je, mwafikiri hajui? Mtoto aliyelala chumba cha pili husikia yote. Asilolijua ni kwamba jambo hilo ni kosa, na yeye afanye nini. Chama cha 4-K kikimfundisha kupanda miche, akarudi nyumbani kutukosoa nafasi za mihogo yetu, hatusemi amekosa adabu.

Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya ukatili wa nyumbani haisemi kupigwa tu. Yataja pia vitisho, na kumnyima mtu mali na fedha zinazomhusu. Basi mama aliyepalilia mwaka mzima, asione hata senti ya mavuno, naye afikiriwe.

Zamani kwetu Udigoni mtoto alikuwa na mjomba wa kukimbilia, na neno la mjomba lilikuwa zito. Siku hizi mjomba huenda yuko Mombasa kazini.

Lakini mwalimu asiulize mbele ya darasa, "Nani kwao hupigana?" Huko ni kumwaibisha mtoto. Amfundishe asijitie kati ya wanaopigana. Ajue mapema ni jirani gani atamkimbilia. Na akariri namba 116, simu ya watoto isiyolipiwa, usiku na mchana. Na fimbo aiweke chini kwanza. Viboko vilikatazwa shuleni tangu 2001, na mtoto hawezi kumwambia siri mtu anayemchapa.

Mkiitwa mkutano wa wazazi, mwulizeni mwalimu mkuu somo hili litafundishwa siku gani, na nani atalifundisha. Akina baba nanyi mwende, msiwaachie akina mama peke yao.