Anayejitolea aache ujuzi nyuma yake

Uchungu wa kuzaa ukizidi siku nzima bila msaada, kichwa cha mtoto huweza kubana kibofu mpaka nyama ikafa na tundu likatokea. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto hufa, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana. Wengi huachwa na waume zao.

Sista Maura Lynch, mtawa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1987. Katika hospitali ya Kitovu, Masaka, aliwatibu akina mama hao kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2017. Madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo walikuja kumsaidia, kisha wakarudi kwao.

Tunawashukuru. Lakini uchungu wa mama hausubiri ndege ya mgeni. Kwa maoni yangu, anayetaka kujitolea ng'ambo ajiulize kwanza: nikiondoka, nani ataendelea? Sista Maura alibaki, tena akawafundisha madaktari wa Uganda.

Nasi tutimize wajibu wetu. Uchungu ukianza, mama apelekwe hospitali mapema. Kuzuia tundu ni rahisi kuliko kuliziba.