Vita vya Ukraine vimeingia hadi kwenye besi yako

Kuna kijana mtaani kwetu ameuza pikipiki. Si kwa sababu ya mkopo wala hospitali. Ameuza ili anunue ampu ya besi, na alipokuja kuniuliza anunue gani, nilijipata namweleza habari za Urusi, Uchina na kilima kimoja huko Kwale. Akaniangalia kama mtu amevuta kitu. Lakini kama wewe pia unapiga besi, iwe ni kanisani ama kwa bendi ya benga ya wikendi, na umeweka pesa kando, hebu nisikize kabla hujazitoa.

Twende Machi 2022. Wiki mbili hivi baada ya Urusi kuvamia Ukraine, Moscow ilitoa orodha ya bidhaa zaidi ya 200 ambazo zisingetoka nchini hadi mwisho wa mwaka. Ndani ya hilo zuio zikanaswa tyubu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani ya ampu. Mafundi wa redio wa kitambo huziita valvu. Wanamuziki dunia nzima wakashtuka, kwa sababu majina mengi wanayoyajua kama Tung-Sol, Mullard, Sovtek, Genalex Gold Lion na Electro-Harmonix yote yanatengenezwa katika kiwanda kimoja, mjini Saratov kando ya mto Volga. Mwenye majina hayo ni Mmarekani, Mike Matthews, mwanzilishi wa Electro-Harmonix. Baada ya muda mfupi tyubu ziliruhusiwa kutoka tena, lakini bei ilikuwa ishapanda, na Marekani nayo ikaongeza ushuru kwa bidhaa za Urusi. Mimi mwaka huo nilitafuta tyubu moja tu ya kubadilisha kwenye priampu yangu. Fundi alinitajia bei nikadhani ananiuzia redio nzima.

Hadi leo mambo hayajatulia. Saratov kuna kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, na droni za Ukraine zimekipiga zaidi ya mara moja. Ukitoa Urusi, tyubu nyingi za muziki zinatoka sehemu mbili tu: kampuni ya JJ iliyoko mji mdogo wa Čadca, Slovakia, na Uchina. Yaani sauti unayoisikia kwenye rekodi zote za rock za kina babu inategemea viwanda unavyoweza kuhesabu kwa vidole. Sababu ni ya kihistoria. Nchi za Magharibi zilipohamia transista, viwanda vyao vya tyubu vikafungwa kimoja baada ya kingine. Wasovieti na Wachina wakaendelea kuzitengeneza, zikiwemo za vifaa vya kijeshi, kwa hivyo mashine zikabaki kwao.

Sasa swali: kwani tyubu inafanya nini hiyo, hadi mtu auze pikipiki?

Noti ya chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne, ile E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu yako haiwezi kutoa sauti hiyo hata uiombee. Lakini tyubu ikisukumwa kidogo haikati sauti ghafla. Huikunja polepole, na katika kuikunja inaongeza sauti ndogo juu ya ile noti: 82, 123 na kuendelea. Sikio likipata hizo za juu, ubongo unajaza ile ya chini wenyewe, hata kama spika haikuitoa. Ndiyo maana besi yenye uchafu kidogo inasikika ndani ya mathree iliyojaa, na ile safi kama maji inapotea gitaa na kinanda zikiingia. Hiyo si imani, ni jinsi masikio yanavyofanya kazi.

Kijana wetu alikuwa anataka ampu ya tyubu tupu. Amekua akiona picha za Ampeg SVT, lile dude la mwaka 1969 la wati 300, ambalo Rolling Stones walizunguka nalo Marekani likiwa bado jipya kabisa. Nakubali, ni mnyama. Lakini hesabu nami. SVT ina tyubu 14, na sita kati yake ni zile kubwa za nguvu, ambazo huchakaa na hununuliwa zikiwa zimelinganishwa. Kichwa peke yake kinakaribia kilo 40, na kabineti yake ya spika nane za inchi 10 inapita kilo 60. Utaibeba na nini? Si ushauza pikipiki?

Halafu kuna mambo ya stima. Ukiagiza mtumba kutoka Marekani, jua kule wanatumia volti 120 na hapa ni 240. Mimi hilo nililijifunza kwa moshi. Aliyeniuzia aliniapia mashine "inakubali zote mbili", nikachomeka, nikasikia harufu, mambo kwisha. Angalia bamba la nyuma kwa macho yako, usiangalie mdomo wa muuzaji. Na kama ni ya tyubu tupu, usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma ya kutoa sauti. Usiifungue pia ukidhani iko salama kwa sababu umechomoa waya. Kapasita za ndani hubaki na mamia ya volti, na hiyo inaua mtu.

Kwa hivyo nilimwambia achukue njia ya kati: priampu yenye tyubu moja ama mbili mbele, na nyuma yake ampu ya nguvu ya kisasa, hizi za klasi D zinazotoa wati 500 na bado zinaingia kwenye begi la mgongoni. Tyubu ya priampu mara nyingi ni 12AX7, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1940 na inatengenezwa Urusi, Slovakia na Uchina. Vita vikifunga mlango mmoja, kuna miwili. Inadumu miaka, na ikifa unabadilisha moja, si 14.

Ila hapa ndipo wengi wanalishwa matango mwitu. Kuna vifaa vya bei rahisi vyenye tyubu inayoonekana kupitia kidirisha, halafu nyuma yake wameweka taa ndogo ya chungwa ili ipendeze. Tyubu ya 12AX7 hupenda volti 200 ama 300 kwenye bamba lake. Ukiipa 12 inafanya kazi, ndiyo, lakini inakauka na kukwaruza mapema, wala haitoi ule unene uliokuwa unautafuta. Muulize muuzaji volti za ndani ni ngapi. Usidanganywe na adapta ndogo pia, maana kuna vifaa vyenye saketi ya kupandisha volti ndani, na hivyo ni vizuri kabisa. Kama muuzaji hajui, soma kitabu chake. Kama kitabu kimenyamaza, mimi ningenunua priampu nzuri ya transista isiyojifanya kitu kingine. Ziko, na kwenye mchanganyiko wa bendi watu wengi hawatajua.

Na bado hatujafika kwa kitu kikubwa, ambacho ni spika.

Nitasema wazi hata mkinichukia: ukiwa na pesa kidogo, peleka nyingi kwa kabineti. Tyubu inapaka rangi, lakini kabineti ndiyo inaamua kama besi itafika. Ile hadithi ya kwamba inchi 15 ina besi kuliko inchi 10, isahau. Besi inatoka kwa muundo wa spika na ukubwa wa kasha pamoja na tundu lake. Hiyo Ampeg ya spika nane imefungwa kabisa, haina tundu, na ile E ya chini huitoa ikiwa imefifia. Unachokipenda pale ni ngumi ya katikati. Wahandisi wa spika wana kanuni moja ngumu: kasha dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa, chagua mawili. Anayekuuzia yote matatu anakuuzia upepo.

Angalia unyeti, ule wa desibeli kwa wati moja. Kabineti ikizidi nyingine kwa desibeli 3, ni kama umeongeza nguvu ya ampu mara mbili, bure. Halafu omu. Kabineti mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4, na ampu nyingi za klasi D huishia hapo. Ukiongeza ya tatu utasikia kimya, ama harufu. Ushauri wangu: nunua moja ya omu 8 yenye spika mbili za inchi 10, baadaye utaongeza pacha wake.

Nairobi hii, hata hiyo moja huenda ikatosha. Tangu Gavana Sakaja aamuru klabu za usiku zitoke mitaa ya makazi mwishoni mwa 2022, na kanuni za NEMA za kelele zikiwepo tangu 2009, wenye vilabu wengi hawataki ukuta wa spika jukwaani. Wanataka uchomeke priampu yako kwenye mixa, kabineti ikusaidie wewe na mpiga ngoma tu. Kwa hivyo priampu yenye tundu la DI ni kitega uchumi kuliko wati.

Kilo zinapungua kwa sababu ya sumaku za neodimiamu, na hapo ndipo Uchina inaingia. Aprili 2025, katikati ya vita vya ushuru na Trump, Beijing iliweka vibali kwa madini saba adimu pamoja na sumaku zenye madini hayo. Neodimiamu yenyewe haikuwa kwenye hiyo orodha ya Aprili, lakini Uchina ndiyo inayotawala usafishaji wake, na wenye viwanda hawalali wakijua kifuatacho kinaweza kuwa hicho. Sumaku za kawaida za ferraiti hazina hiyo shida. Ni nzito, basi. Ukiwa na rafiki mwenye probox, ferraiti itakuokolea pesa.

Kinachoniuma ni kwamba madini hayo adimu yako hapa. Mrima Hill, Kwale, imejulikana kwa miaka mingi kuwa na niobiamu na madini adimu. Serikali ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec mwaka 2013, kampuni ikaenda kushtaki mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, ikashindwa 2018. Sasa wageni wanakizunguka tena kilima hicho, ambacho kwa Wadigo kina kaya takatifu. Tukikichimba halafu mchanga usafirishwe jinsi ulivyo, tutaununua tena ukiwa ndani ya spika, na VAT ya asilimia 16 juu yake, ukiongeza ushuru wa forodha.

Lakini kuna sehemu moja tunaweza kuwapiku leo. Usiagize mbao kutoka ng'ambo! Kasha ni plaiwudi, gundi na skrubu. Agiza spika peke yake, chukua vipimo vya kasha na tundu ambavyo mtengenezaji wa spika huvitoa, mpe seremala wa hapa anayejua kukata sawasawa. Msimamie. Akikuambia "nimepunguza kidogo ipendeze", mrudishe kazini, kwa sababu lita za ndani ndizo sauti yenyewe.

Kijana wetu alifanya hivyo. Kasha linakauka varnishi nje ya nyumba yao wiki hii, spika mbili ziko chini ya kitanda, priampu ya tyubu moja anasubiri, pamoja na tyubu ya ziada niliyomlazimisha kuagiza kabla bei haijaruka tena. Gigi ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Pikipiki yake bado naiona kwa steji kila asubuhi, mwenyewe mpya ameibandika stika ya Arsenal.