Roboti na Goti la Mama Mkwe

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunajibu swali tuliloulizwa baada ya kikao cha umoja wetu hapa Mwenge. Mama mmoja alituvuta pembeni akasema, "Sista, nasikia India goti hupasuliwa na roboti, tena haikosei hata kidogo. Baba watoto anataka kuuza kiwanja tumpeleke mama yake. Tufanyeje?" Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana.

Kwanza tuieleze hiyo roboti. Gegedu ya goti ikishalika, mfupa husuguana na mfupa, na mzee halali kwa maumivu. Daktari hukata milimita chache kwenye ncha za mifupa, akazivalisha chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu. Ugumu wa kazi uko kwenye hizo milimita. Goti likikaa upande kidogo tu, uzito huelemea sehemu moja.

Mwaka 1992, huko Sacramento, Marekani, roboti iitwayo Robodoc ilichonga yenyewe tundu ndani ya mfupa wa paja la mgonjwa wa nyonga. Nyingine za baadaye, kama Mako, hazifanyi hivyo. Msumeno umefungwa kwenye mkono wa mashine, lakini anayeushika na kuusukuma ni daktari. Kabla ya hapo mgonjwa hupigwa picha za CT skani, na daktari hupanga katika kompyuta mahali pa kukata. Msumeno ukifika mpakani, mkono wa mashine hukaza. Daktari huhisi kama anasukuma mlango ambao mtu ameuegemea kwa ndani. Fikirini fundi wa vinyago hapa kwetu Mwenge, mwalimu wake amemshika kiwiko: patasi ni yake, ila kuvuka mstari hawezi.

Je, wagonjwa wa roboti hutembea vizuri kuliko wengine? Vipande hukaa mahali pake kwa usahihi zaidi, hilo limeonekana. Lakini kwamba baada ya miaka mgonjwa atakuwa na nafuu kubwa kuliko aliyepasuliwa kwa mkono mzuri wa kawaida, tafiti hazijaonyesha wazi. Hatuidharau mashine, tungeipata tungefurahi.

Tena kuongoza mkono wa daktari si jambo geni kwetu. Kijana akivunjika paja kwa bodaboda, madaktari wa MOI pale Muhimbili wametumia kwa miaka mingi msumari wa SIGN, shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Lewis Zirkle wa Marekani. Msumari huo uliundwa kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Huzamishwa ndani ya mfupa, na shida ni kuyapata matundu yake ya skrubu, maana hayaonekani. Basi nje ya mguu hufungwa mkono wa chuma wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani, nao huelekeza keekee. Kisha daktari hupeleka kifaa chembamba taratibu mpaka ahisi kwa vidole kwamba kimetumbukia. Kompyuta hakuna.

Na magoti pia hubadilishwa hapo hapo MOI. Kwa hiyo tulimwomba mama yule wasisaini lolote kwanza, tukamsindikiza bibi kliniki. Picha ilionyesha goti limelika kweli, la kubadilishwa. Ila sukari yake ilikuwa juu sana. Daktari akasema haguswi mpaka ishuke, maana kidonda cha mwenye sukari huingia usaha upesi, na usaha ukikifikia chuma ni taabu kubwa. Hilo angeambiwa hata India, akiwa ameshakula nauli.

Sasa ni wiki ya sita. Mnunuzi wa kiwanja ameambiwa angoje. Bibi anakunywa chai kavu, analalamika, na asubuhi na jioni ananyosha na kukunja mguu kitandani mara kumi, mjukuu akihesabu. Siku nyingine mjukuu huruka kutoka nne hadi saba, na bibi hamsahihishi.