SEHEMU YA 5: Unajua umri wa straika, uzito wa mwanao hujui

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wachache mnaonisoma kimyakimya: Sehemu ya 4 tuliongea kunyonyesha. Leo nagusa mpira. Najua nitatukanwa. Nitukaneni, ila someni mpaka mwisho.

Kwanza mjue mimi siyo mgeni kwenye haya mambo. Nimezaliwa nyumba ya Simba, nikaolewa nyumba ya Yanga. Siku ile tumepigwa 5-1, tarehe 5 Novemba 2023, nililala mzungu wa nne na mume wangu. Kwa hiyo asije mtu kuniambia "nesi, mpira huujui".

Nikienda zamu ya usiku napita kibanda umiza. Dirisha la usajili likifunguliwa, pale hapakaliki. Huyu analia Mayele aliondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri na pengo halijazibika. Yule anakumbusha Konkoni alivyoletwa na kuachwa kabla msimu haujaisha. Dube alipokaa mechi kadhaa bila goli aliitwa kila jina, Disemba 2024 akawapiga Mashujaa hat-trick, waliomtukana ndio wakawa wa kwanza kuruka. Na sisi Msimbazi tusijifanye wasafi: Januari 2024 tuliwaachia Baleke na Phiri, tukaletewa Jobe na Freddy, tukabishana mpaka mate yakakauka.

Sasa niwaambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kituo sikitaji na kijiji sikitaji.

Ilikuwa usiku, dirisha dogo. Mama kaingia na mtoto mgongoni, kalegea, viganja vyeupe kama karatasi, amepata degedege njiani. Malaria kali, damu imeisha. Homa ilianza lini? "Juzi, nesi." Mbona hukuja juzi? Kimya. Halafu akasema taratibu, "Hela ya boda alikuwa nayo baba yake. Aliweka mkeka."

Mjue matibabu ya mtoto chini ya miaka 5 kwa sera ni bure. Kilichomchelewesha yule mtoto siku mbili ni nauli. Nauli tu.

Baba akafika baadaye. Nikamuuliza, mtoto ana miezi mingapi? Akamwangalia mkewe. Alikuwa na kilo ngapi mara ya mwisho? Akamwangalia tena mkewe. Chanjo ya surua kapata? Hajui. Tukampa mtoto rufaa akaongezewe damu. Wakati tunasubiri gari, namsikia yule baba nje na mlinzi, anamchambua mshambuliaji wa timu yake: umri, dakika alizocheza, mkataba umebaki muda gani, nafasi ngapi amepoteza. Bila karatasi! Kichwani!

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule niliacha kuamini ile kauli kwamba wanaume hawawezi kushika mambo ya watoto. Wanaweza sana. Kichwa kinachokumbuka nani alikosa penalti miaka mitatu nyuma, kinashindwaje kukumbuka tarehe ya kliniki?

Mtaniambia, "Nesi, mpira ndiyo starehe pekee ya maskini. Mtu katoka ziwani usiku kucha, au kashinda shambani, unataka akae wapi?" Nakubali. Akae kibandani, acheke, abishane. Mimi siombi mtu aache Yanga wala Simba. Nasema hivi: kibandani unapiga kelele juu ya usajili ambao hakuna kiongozi atakayekupigia simu kukuuliza. Nyumbani kwako wewe ndiye kocha, wewe ndiye rais wa klabu, wewe ndiye mweka hazina, na huko ndiko unakonyamaza!

Na sisi watu wa Mara tuna kidonda chetu. Biashara United ilikuwa yetu, Karume pale Musoma. Mwaka 2021 ikafika Kombe la Shirikisho Afrika, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Marudiano Libya haikufika, safari ilishindikana, ikatolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja. Nani alikesha kibandani anajadili Biashara isajili nani? Tulikuwa tunagombania Jangwani na Msimbazi. Cha mbali tunakililia, cha kwetu kinazama tunakitazama. Hiyo tabia ndiyo hiyohiyo inaingia mpaka ndani ya nyumba.

Akina mama, na sisi tuna makosa. Kadi ya kliniki tunaifungia sandukuni kama siri. Baba akiuliza, tunamjibu "hayo ya wanawake". Tumemzoesha kukaa jukwaani, halafu tunamlaumu hachezi.

Basi dirisha hili fanyeni hivi.

Kwanza, mpe kadi mkononi. Muoneshe ule mstari wa uzito. Mstari ukipanda, mtoto yuko vizuri. Ukilala au ukishuka, hiyo ni hatari kabla hata hajaugua. Atauelewa haraka kuliko msimamo wa ligi.

Pili, akariri ratiba. Akizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9, na ya pili miezi 18. Hii ya 18 ndiyo wengi mnaikimbia. Na kila Juni na Disemba kuna matone ya vitamini A kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Juni na Disemba! Usajili ukianza kusikika, jua na wewe una usajili wako.

Tatu, kabla ya jezi na kabla ya mkeka, nauli ya boda ya dharura itengwe, ikae sehemu mnayoijua wote wawili. Homa kwa mtoto haisubiri mpaka mechi iishe.

Nne, hii ni kwa matawi. Kwenye Wiki ya Mwananchi na kuelekea Simba Day mashabiki wanachangia damu, nawapongeza. Huku kwetu kwenye malaria, damu inahitajika mwaka mzima. Mwanaume mzima wa afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3. Mkiwa 40 kibandani mnatukanana, hapo kuna chupa 40 za damu. Yule mtoto aliongezewa damu ya mtu asiyemjua, na hakuna aliyeuliza kama ilitoka kwa shabiki wa Simba au wa Yanga.

Dada, mtumie mumeo hii. Akikasirika, muulize swali moja tu, kwa upole: "Baba nanii, mtoto wetu ana kilo ngapi?"

Akijibu, mwekee chai na mwache aende zake kibandani kwa amani.

Sehemu ya 6 inakuja: dalili za hatari kwa mtoto ambazo hazisubiri asubuhi.